Baiskeli Ina Spea, Mguu Hauna

Wengi wetu tunapeleka mahindi, ndizi au mkaa sokoni kwa baiskeli. Pengine ni kilometa 30, na kurudi tena. Tukifika nyumbani tunajitupa kitandani palepale. Asubuhi miguu imekakamaa. Tunasema, "Basi, uzee huo!" Si uzee. Ni kutojitunza.

Tufanye hivi:

1. Tusisimame ghafla. Kilometa ya mwisho tuendeshe polepole. Tukishuka, tutembee dakika 10. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, na unaweza kuona kizunguzungu.

2. Tunywe maji. Kama jasho limetoka sana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijae kupita ukingo. Pombe siyo maji.

3. Tule mapema. Ugali hurudisha nguvu. Maharage au dagaa hujenga misuli.

4. Tuoge na kujikausha mapajani. Jasho na kiti huleta michubuko na majipu.

5. Kesho yake tusilale kutwa. Tutembee, au tuendeshe baiskeli bila mzigo, taratibu, nusu saa tu. Damu hutembea, miguu hulainika.

Lakini mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, na misuli inauma sana, usingoje. Nenda zahanati siku hiyohiyo. Figo ziko hatarini.

Baiskeli ikiharibika tunanunua spea. Je, mguu tutaununua wapi?