Mitambo inapolemewa mwisho wa mwezi, takwimu za zamani ndizo hutoa ushahidi

MWISHO wa mwezi unapowadia na mishahara kuingia, si ajabu mteja wa benki kuambiwa kwamba mitambo imelemewa na asubiri kidogo. Kidogo hicho huweza kuwa saa nzima. Mteja hunung'unika na kwenda zake, lakini nyuma ya ukumbi huzuka mjadala ambao uamuzi wake huweza kugharimu mamilioni ya pesa: je, mtambo umekuwa mdogo kwa kazi iliyopo, au kuna hitilafu katika kazi yenyewe?

Swali hilo halijibiwi kwa kuutazama mtambo wakati huo pekee. Hujibiwa kwa kulinganisha vipimo vya leo na vya siku nyingine ya aina hiyo hiyo ambapo mambo yalikwenda vyema. Hapo ndipo taasisi nyingi hukwama, kwa kuwa takwimu za siku hiyo huwa zimeshafutwa.

Kiini cha mfumo wowote wa benki, kampuni ya bima au idara ya ushuru ni hifadhidata, yaani ghala ambamo akaunti, malipo na majina huwekwa na kutafutwa. Kila mara programu inapojiunga na ghala hilo, kikao hufunguliwa. Wasimamizi wengi hukimbilia kuhesabu vikao vilivyofunguliwa, na idadi hiyo huwapotosha. Programu za kisasa huweza kufungua vikao 300 au 500 alfajiri na kuviacha wazi kutwa nzima, viwe na kazi au visiwe nayo.

Ni sawa na ukumbi wa benki wenye viti 100. Idadi ya walioketi haimwambii meneja chochote iwapo 80 kati yao wamekuja kukwepa jua. Wa kuhesabiwa ni wale walio mbele ya karani pamoja na wale walio kwenye foleni. Katika hifadhidata, hao ndio huitwa vikao amilifu: vile vinavyohudumiwa na prosesa, na vile vilivyo katikati ya kazi lakini vinasubiri kitu fulani, kama vile diski isome data au kikao kingine kiachilie rekodi iliyofungwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Saa moja ina sekunde 3,600. Iwapo katika saa hiyo vikao vyote kwa jumla vilitumia sekunde 7,200 vikihudumiwa au vikisubiri, basi kwa wastani vikao 2 vilikuwa amilifu wakati wowote. Kwenye mtambo ambao prosesa yake ina viini 8, hiyo si kazi ya kutoa jasho. Wastani ukifika 40, ama kazi imeushinda mtambo ama kuna kinachozuia njia.

Kanuni inayotawala jambo hili ilithibitishwa na Mmarekani John Little katika makala aliyoichapisha mwaka 1961, naye alikuwa akizungumzia foleni za kila aina. Idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya wanaoingia ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hukaa humo. Maombi 100 kwa sekunde, kila moja likichukua sekunde 0.05, huzaa vikao 5 amilifu. Maombi yale yale 100 yakianza kuchukua sekunde 0.4 kila moja, vikao hupanda hadi 40 ingawa hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka.

Tuchukue mfano wa benki iliyo na takwimu hizo. Tarehe 30 mwezi uliopita, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, vikao amilifu vilikuwa 5, na 4 kati yavyo vilikuwa kwenye prosesa. Mwezi huu, saa ile ile na kwa maombi yale yale 100, vikao ni 40. Aliyeangalia nambari hiyo pekee ataandika barua ya kuomba mtambo mkubwa zaidi. Aliyeigawanya ataona kwamba vilivyo kwenye prosesa bado ni 4, kama awali. Vile 36 vinasubiri rekodi moja tu iliyofungwa, kwa sababu programu mpya ya kutoa nambari za risiti hulazimisha kila malipo kupitia hapo kwa zamu. Mtambo wenye viini 64 ungewafanya wateja wasubiri vivyo hivyo, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Lau maombi yangalikuwa yamepanda hadi 140 na vikao kufika 7, kila ombi likichukua muda ule ule wa awali, basi biashara ndiyo iliyokua, na mazungumzo kuhusu mtambo mpya yangekuwa na msingi.

Siku ya kulinganishwa nayo haichaguliwi ovyo. Jumatatu hulinganishwa na Jumatatu, na mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi. Mfumo wa kupokea ripoti za ushuru nchini Kenya, ambazo makataa yake kwa watu binafsi ni Juni 30, hauwezi kupimwa kwa takwimu za Machi. Wa kuulinganisha nao ni Juni ya mwaka uliotangulia.

Wastani nao una hila zake. Vikao 60 vikirundikana kwa dakika 3 na mtambo ukatulia dakika 57 zilizosalia, wastani wa saa nzima ni 3, nambari inayopendeza machoni pa mkubwa wa idara huku wateja wa dakika zile tatu wakiwa wameshapiga simu kulalamika. Ndiyo sababu wataalamu hutaka sampuli za karibu karibu.

Kampuni ya Oracle ya Marekani iliingiza utaratibu huo katika toleo lake la 10g, lililotangazwa mwaka 2003. Kila sekunde, hifadhidata hujikagua na kuandika ni vikao vipi vilivyo amilifu na vinasubiri nini. Sampuli moja katika kila 10 huhifadhiwa kwenye diski, na kila saa muhtasari wa vipimo vyote huwekwa pia. Ipo hata ripoti maalumu ya kuweka vipindi viwili sambamba, ingawa huduma hiyo hulipiwa leseni ya ziada.

Lakini kuanzia toleo la 11g, mfumo huo usipobadilishwa na msimamizi hutunza kumbukumbu hizo kwa siku 8 pekee. Benki inayotatizika tarehe 30 inahitaji za siku 30 zilizopita. Zimekwenda! Mhandisi hubaki na kumbukumbu ya kichwa chake, na mwenzake ana yake.

Wanaotumia PostgreSQL, ambayo haina malipo, wana kibarua zaidi. Jedwali lake la vikao huonyesha yanayotendeka sasa tu. Anayetaka historia sharti apange mwenyewe kulinakili kila baada ya sekunde kadhaa. Nyingi za takwimu zake nyingine ni vihesabio vinavyojumlisha tu, kama mita ya stima, hivyo husomwa mara mbili na kutoa tofauti. Kihesabio kikirudishwa sufuri kati ya masomo hayo mawili, jibu halina maana, na kwa Oracle pia kipindi ambacho hifadhidata ilizimwa na kuwashwa katikati yake hakifai kulinganishwa.

Tiba ya tatizo la siku 8 si ghali. Msimamizi anaweza kurefusha muda huo, au kukipa kipindi kizuri jina na kukiweka kando kisifutwe. Diski ya kutunzia miezi 13, ili kila mwisho wa mwezi uwe na wa mwaka uliopita wa kulinganishwa nao, ni bei ndogo mno ikilinganishwa na mtambo ulionunuliwa bila haja. Kipindi hicho sharti kitengwe kabla ya programu mpya kuwekwa, kwani baada ya hapo hakuna tena siku ya kawaida ya kupimia.