Moshi Ndani ya Basi la Watoto Wetu



Sisi wa mashamba ya chai tunaamka gizani. Mtoto tunamwacha kando ya njia pamoja na wenzake wangoje basi la shule, nasi tunawahi kuchuma. Basi lenyewe ni kuukuu, lilikuja hapa Uganda likiwa limekwisha tumika kwingine miaka mingi. Likipanda kilima, moshi mweusi unatanda mpaka barabara haionekani.

Mwaka jana, katika tawi letu moja, akina mama walitujia wakasema watoto wanafika darasani wakikohoa na vichwa vinawauma. Meneja alipoambiwa alijibu kwamba hayo ni mafua ya baridi ya asubuhi. Tukaomba jambo dogo tu: tupande basi hilo sisi wenyewe, viongozi watatu, toka kambini mpaka shuleni. Safari ni dakika 50. Tuliposhuka mwenzetu mmoja alitapika, naye ni mtu mzima aliyefanya kazi ya boila miaka 11. Tangu siku hiyo habari ya mafua haikutajwa tena.

Wengi hudhani moshi unatoka kwenye ekzosi peke yake. Sivyo. Fundi wa gereji alitufunulia boneti akatuonyesha. Gesi nyingine hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka ndani ya injini, na katika injini za zamani hutolewa nje kwa mpira mdogo ulio hapo hapo chini ya boneti. Basi likisimama, mlango ukifunguliwa, zinaingia kwa watoto. Ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu nayo huleta zake. Huko California, Marekani, wachunguzi walipima mabasi ya shule, na taarifa yao ya mwaka 2001 ilisema moshi wa dizeli ndani ya basi unaweza kufika mara nne ya ule uliomo katika gari dogo linalotangulia mbele yake.

Moshi huu si wa mchezo. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutia katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Huamsha pumu pia. Na dereva je? Mtoto hushuka, yeye hubaki.

Huko Marekani mabasi ya shule, yale ya rangi ya manjano, ni karibu nusu milioni, na mengi ni ya dizeli. Sheria ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano ili mabasi ya zamani yabadilishwe. Mgawo wa kwanza ulitangazwa Oktoba 2022: mabasi 2,463 kwa wilaya za shule 389, na karibu yote ni ya umeme. Mji wa Oakland ulipofungua shule Agosti 2024 mabasi yake yote 74 yalikuwa ya umeme, na yakiegeshwa betri zake zinaweza kurudisha umeme katika nyaya za mji.

Lakini habari iliyotupendeza zaidi ni ya Fort Valley, mji mdogo wa jimbo la Georgia, sehemu ya kusini ambako vyama vya wafanyakazi havina nguvu. Hapo kipo kiwanda cha Blue Bird kinachounda mabasi hayo, chenye wafanyakazi kama 1,400. Serikali inatoa fedha nyingi kwa mabasi mapya, je, wanaoyaunda watapata nini? Mei 2023 walipiga kura. Watu 697 walikubali kuingia chama cha United Steelworkers, 435 walikataa. Mei 2024 wakapitisha mkataba wao wa kwanza, wa miaka mitatu, wenye nyongeza ya mshahara isiyopungua asilimia 12. Jambo hili linafaa kuzungumzwa katika mikutano ya matawi yetu.

Tusidanganyane hata hivyo. Basi la umeme huko kwao bei yake ni kama mara tatu ya la dizeli, na tajiri wetu hatalinunua kesho. Tena betri nyingine hutiwa kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, na wenzetu wanaosema Kiswahili kama sisi, wengine kwa sururu na mikono mitupu. Basi linaweza kuwa safi kwa mtoto wa Oakland na chafu kwa mtoto wa mchimbaji.

Basi kwetu tulianza na yaliyo karibu. Tulidai nozeli zipimwe, chujio la hewa libadilishwe, ekzosi ichomelewe, ule mpira wa chini ya boneti upelekwe nyuma, na injini izimwe basi linapongoja shuleni. Hilo la mwisho tulidhani ndilo jepesi. Dereva akatuambia, "Nikizima, haliwaki. Nikichelewa, nakatwa mshahara." Betri ilikuwa imekufa zamani! Karibu tungemlaumu mfanyakazi mwenzetu kwa kosa la gereji. Ikabidi kwanza tugombee betri, na tupate kwa maandishi kwamba dereva hatakatwa kitu kwa sababu ya kuzima injini.

Dizeli nayo si kisingizio, maana tangu 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zimekubaliana kwamba salfa isizidi sehemu 50 katika milioni.

Betri ilikuja baada ya miezi miwili. Nozeli zilipimwa, na moshi umepungua kwa macho. Ekzosi bado. Meneja ameahidi mwisho wa mwezi. Nakala ya barua iko kwa katibu wa tawi, na Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao tutapanda tena basi lile, watatu wale wale.