Televisheni Inayokula Kingo za Picha

Chomeka kompyuta kwenye televisheni ya sebuleni pale Lubumbashi, na mara nyingi picha itakuja kubwa kuliko kioo. Saa iliyo chini pembeni haionekani, alama ya kufungia dirisha imepotea juu, na katika jedwali la mahesabu tarakimu za safu ya kwanza zimekatwa nusu. Mwenye televisheni hulaumu kebo, akaenda mjini kununua nyingine. Pesa hiyo huniuma, maana kebo ya HDMI haina uwezo wa kukuza picha. Ikiharibika, picha hukatikakatika, hujaa vimulimuli au haiji kabisa. Anayekata kingo ni televisheni yenyewe, tena kwa makusudi.

Chanzo ni enzi za televisheni za chogo. Ndani ya chogo lile mlikuwa na mwali wa elektroni, ukiyumbishwa kwa sumaku ili uchore picha mstari kwa mstari. Katika mfumo uliotumika Kongo, mistari 625. Umeme ukipungua nguvu, sumaku nazo hulegea, picha ikasinyaa na kuacha ukanda mweusi pembeni. Vipuri vikizeeka, picha huhama kidogo kushoto au kulia. Hata mandhari yenye mwanga mkali iliweza kuivimbisha. Mafundi wa viwandani walipata dawa moja ya yote hayo: wachore picha kubwa kuliko kioo, kingo zifichwe nyuma ya fremu. Watangazaji nao walilijua hilo, wakaweka nyuso na maandishi mbali na ukingo. Mtazamaji hakupoteza kitu.

Televisheni bapa haina mwali wala sumaku hizo. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina mahali pake pa kudumu. Ila mazoea yamebaki: picha ya 1920 kwa 1080 inahesabiwa kuwa ya matangazo au filamu, na televisheni nyingi huikuza kidogo bila kuuliza imetoka wapi. Kompyuta, tofauti na mtangazaji, hutumia ukingo wote. Tuseme televisheni inakata asilimia 2.5 kila upande. Hizo ni nukta 48 kushoto, 48 kulia, 27 juu na 27 chini. Upau wa chini wa Windows 10 kwa kawaida una kimo cha nukta 40, kwa hiyo theluthi mbili zake zimekwenda. Nukta za picha zinazobaki, 1824 kwa 1026, hutandazwa juu ya kioo kizima; nukta moja haikai tena juu ya nukta moja, na herufi zinafifia.

Kwa hiyo anza na rimoti, si kompyuta. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta ukubwa au umbo la picha. Kwenye LG chagua "Just Scan". Samsung yenye menyu ya Kifaransa huandika "Adapter à l'écran". Sony nyingi husema "Full Pixel", Sharp "Dot by Dot". Chaguo likiwa limefifia, jaribu kuupa mlango wa HDMI jina "PC". Katika televisheni kadhaa hilo peke yake linatosha. Kisha hakikisha kompyuta inatuma ukubwa ule ule wa kioo.

Programu ya kadi ya picha, kama ile ya AMD, nayo ina kitelezi cha kupunguza picha hadi ienee. Kitumie pale tu televisheni inapokosa chaguo kabisa, maana picha hupunguzwa na kompyuta kisha ikakuzwa na televisheni, na kila hatua inaharibu herufi.

Kama pembe zote nne zinaonekana na maandishi bado hayasomeki vizuri, tazama karatasi ya maelezo ya televisheni. Nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu, hata kama zinapokea 1080. Hapo ongeza ukubwa wa herufi kwenye kompyuta.