Kichocho Kilitoka Wapi?

Mtoto wa Pemba anapokojoa damu, mpimaji wa maabara hutafuta kwenye hadubini yai lenye mwiba nchani. Ni yai la Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho cha kibofu. Kandokando ya Ziwa Victoria hupimwa choo, na huko mwiba wa yai uko ubavuni: huyo ni Schistosoma mansoni, wa kichocho cha tumbo. Mwiba unatosha kumtambua mnyoo, lakini hautoshi kueleza ukoo wake. Nao minyoo, kwa kuwa mwili wao ni laini mtupu, hawakutuachia mifupa ya kufukua.

Ukoo huo umehifadhiwa kwenye mitokondria, vijumba vya ndani ya seli vinavyotengeneza nishati. Vina vinasaba vyake vyenyewe, mbali na vile vya kiini, na kwa kawaida mtoto huvirithi kwa mama tu. Vinasaba hivyo ni uzi mfupi uliofungwa kama pete. Wa binadamu una herufi 16,569, wa S. mansoni una kama 14,400, zenye jeni 36.

Jeni hizo zimefuatana kama shanga mkufuni. Herufi moja moja hubadilika mara nyingi, ila shanga kuhama nafasi ni jambo la nadra. Ndiyo maana matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalishtua. Minyoo wa kichocho wa Asia ya Mashariki, S. japonicum na S. mekongi, walikutwa na mpangilio unaofanana na wa minyoo bapa wengine, hata wa tegu. Aliyepanguliwa shanga ni S. mansoni wa Afrika. Baadaye S. haematobium naye akaonekana vivyo hivyo, pamoja na S. spindale, ambaye ni mnyoo wa ng'ombe wa Asia ya Kusini. Maelezo yanayonishawishi ni haya: mababu walitoka Asia wakaingia Afrika, mpangilio ukavurugika kwa hao waliohama, kisha tawi moja likarudi Asia.

Safari nyingine ni ya karibu zaidi, na inauma kuisoma. Utafiti wa mwaka 2005 ulilinganisha mitokondria za S. mansoni kutoka Afrika, Mashariki ya Kati na Amerika. Tofauti nyingi zaidi zilikuwa Afrika Mashariki, dalili kwamba hapa ndipo alipokaa muda mrefu kuliko kwingine. Wa Amerika walikaribia kuwa sawasawa na wa Afrika Magharibi. Walivuka bahari ndani ya miili ya watu waliouzwa utumwani. Bila shaka S. haematobium naye alivuka, lakini hawezi kuishi bila konokono wa jenasi ya Bulinus, na Amerika hawakuwepo. S. mansoni aliwakuta Biomphalaria wakimsubiri. Ndiyo sababu Brazil hadi leo ina kichocho cha tumbo, cha kibofu haina.

Mwaka 2012 utafiti wa mitokondria ulimgawa S. haematobium makundi mawili. La kwanza limetapakaa bara. La pili limeonekana visiwa vya Bahari ya Hindi, Zanzibar ikiwemo, na pwani jirani. Kwangu mimi hiyo ni historia ya pwani yetu iliyoandikwa na mnyoo.

Lakini anayesoma mitokondria peke yake husikia upande wa mama tu. Mwaka 2013 watu waliooga mto Cavu, kisiwani Corsica, Ufaransa, waliambukizwa kichocho, na uchunguzi ukaonyesha minyoo chotara wa S. haematobium na S. bovis wa ng'ombe. Ukimpima chotara kwa mitokondria pekee utampa jina la mama, baba asijulikane. Kwa Pemba hili si jambo la mbali. S. bovis amekwisha kupatikana kwa ng'ombe wa kisiwani, na konokono wa aina moja, Bulinus globosus, anaweza kuwabeba wote wawili. Kwa hiyo anayechunguza konokono wa mabwawa ya huko lazima asome vinasaba vya kiini pia, kabla hajasema mnyoo aliyemo ni wa mtu au wa ng'ombe.