Kasuku na kakakuona: si ndugu, lakini hatari yao ni moja



Darasani watoto hutuuliza: kakakuona ni samaki ama ni nyoka? Ana magamba, kwa hiyo swali lao lina maana. Tuwajibu hivi: ni mnyama anayenyonyesha, kama mbuzi na kama sisi. Magamba yake ni ya kitu kile kile cha kucha zetu. Hana meno; hula sisimizi na mchwa kwa ulimi mrefu. Jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja tu, akambeba juu ya mkia.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni wa ukoo mwingine kabisa. Ni ndege, hutaga mayai ndani ya tundu la mti mkubwa. Wataalamu humwita Psittacus erithacus; kakakuona wa miti mwenye tumbo jeupe humwita Phataginus tricuspis.

Lakini katika Orodha Nyekundu ya shirika la IUCN wote wawili wako daraja moja: walio hatarini kutoweka. Kasuku aliwekwa humo mwaka 2016, kakakuona huyo mwaka 2019. Na mwaka 2016, mkutano wa CITES huko Johannesburg uliamua kwamba kasuku huyu na aina zote 8 za kakakuona waliokamatwa porini wasiuzwe tena katika biashara kati ya nchi na nchi.

Sababu hazifanani. Kasuku hunaswa akiwa hai, kwa kuwa anaiga maneno yetu; wengi hufa njiani. Kakakuona hutafutwa kwa nyama, na kwa magamba yanayopelekwa Asia kuwa dawa. Akiogopa hujikunja kama mpira. Hivyo humshinda chui, lakini mtu humwokota tu na kumtia guniani.

Wamama, sisi ndio tunaoshika kikapu cha soko. Tunajua njaa ya watoto haingoji. Lakini sambaza, maharage na kuku vinajaza sahani, na kuku hutaga tena kesho. Kakakuona hawezi.

Na tukimhurumia kasuku sokoni, tusimnunue ili kumfungulia: pesa hiyo inamrudisha mtegaji msituni. Heri tuwajulishe maajenti wa ICCN.

Leo jioni tuwaulize watoto: nani kati yao ananyonyesha, na nani anataga?