Kilo Ngapi Zinatosha Kulisha Chama Kikuu?

Ukitaka kumuudhi mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, msomee orodha ya makato. Ushuru wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ni 3% ya bei. Usafiri. Ukoboaji. Magunia. Riba ya mkopo uliotumika kumpa malipo ya awali. Chama cha msingi. Chama kikuu. Yote hutajwa kwa shilingi kwa kilo, na hilo la mwisho ndilo linalopigiwa kelele mkutano mkuu, ingawa mara nyingi riba pekee imelizidi.

Kelele hizo zina hoja, ila hazifiki kwenye swali lenyewe. Vyama vya msingi vinavyopakana vikiunganisha nguvu, vinaokoa shilingi ngapi kwa kilo, na muungano wenyewe unakula ngapi? Nitaifanya hesabu hiyo hapa. Kila ninaposema "tuseme", tarakimu ni za mfano. Msomaji aweke za chama chake.

Tuanze na lori. Tuseme lori la tani 10 kutoka kijijini hadi kiwanda cha kukoboa Moshi linakodiwa kwa shilingi 400,000. Chama chenye tani 3 ghalani kikilikodi peke yake, kila kilo inabeba shilingi 133. Vyama vitatu vya kata moja vikilijaza, kilo inabeba shilingi 40. Akiba ya shilingi 93 imepatikana bila ofisi, bila katiba na bila posho ya kikao. Kilichohitajika ni makatibu watatu kupigiana simu wakakubaliana siku.

Mbona basi jambo hilo halifanyiki kila msimu? Kwa sababu ya mizani. Karani mzoefu huiuma punje kwa jino. Jino likiacha alama, kahawa haijakauka. Karani mwenye haraka, au mwenye shemeji kwenye foleni, huipokea hivyohivyo. Kahawa iliyopokelewa ikiwa na unyevu wa 14% ikafika kiwandani imeshuka hadi 11% imepoteza karibu kilo 3.4 katika kila kilo 100. Kwa tani 3 hiyo ni kilo 101 zilizoyeyuka, na kama mizigo ya vyama vitatu imechanganywa, hakuna atakayekubali kuwa ni zake. Nimeona watu wazima wakinuniana msimu mzima kwa upungufu mdogo kuliko huo. Dawa yake ni rahisi: kipima unyevu kimoja kinachozunguka vyama vyote vitatu, na alama ya rangi kwenye kila gunia. Mtandao wa ushirika huanzia kwenye rangi hiyo, miaka mingi kabla ya kuandikishwa popote.

Hatua ya pili ni kontena, na hapa ndipo ukubwa unapoanza kuamua mambo. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200 za kahawa safi. Kahawa anayoleta mkulima bado ina ganda lake jembamba, na ikikobolewa hubaki kama 80% ya uzito. Kwa hiyo kontena moja linataka kilo 24,000 kutoka kwa wakulima. Tuseme kaya moja inaleta kilo 200 kwa msimu: kaya 120 zinatosha. Chama cha msingi cha wastani kingejigamba kuwa kinaweza peke yake.

Hakiwezi, kwa sababu mnunuzi wa nje hanunui kahawa tu, ananunua daraja. Kiwandani mzigo hupasuliwa kuwa AA, A, B, PB na mengineyo. Tuseme AA ni 20% ya mzigo. Kujaza kontena moja la AA tupu kunahitaji tani 96 za kahawa safi, sawa na tani 120 kutoka kwa wakulima, sawa na kaya 600. Chama chenye tani 30 kinahitaji majirani watatu wenye ukubwa kama wake ili kupata kontena moja tu la kumwonyesha mnunuzi. Peke yake kina fungu moja la mnada, na anayelipangia bei ni mwingine.

Kontena lina malipo yake. Ziada ya cheti cha Fairtrade kwa kahawa ni senti 20 za dola kwa ratili. Kontena la kilo 19,200 lina ratili 42,300 hivi, kwa hiyo ziada ni karibu dola 8,460, juu ya bei yenyewe. Fedha hizo huamuliwa matumizi yake na wanachama mkutanoni. Hata hivyo cheti kina ada, kina ukaguzi na kina makaratasi, na chama cha tani 30 kikivibeba peke yake, sehemu kubwa ya ziada itaishia kwenye kuitafuta ziada.

Riba nayo. Chama cha tani 30 kinacholipa shilingi 5,000 kwa kilo kama malipo ya awali kinahitaji milioni 150. Kwa riba ya 15% kwa mwaka, mkopo wa miezi minne unagharimu milioni 7.5, sawa na shilingi 250 kwa kilo. Kwa riba ya 9% ni shilingi 150. Vyama vinavyokwenda benki pamoja, vikiwa na vitabu vilivyokaguliwa, vina nafasi ya kuipigania tofauti hiyo ya shilingi 100. Lakini angalia upande wa pili: kahawa ikichelewa miezi miwili zaidi kufika mnadani, kwa ile riba ya 15%, kilo inaongezewa shilingi 125. Ucheleweshaji unagharimu kuliko punguzo lote. Wajumbe wengi huuliza riba ni asilimia ngapi; wachache huuliza lori liliondoka tarehe ngapi.

Sasa ofisi. Tuseme vyama vimeamua kuunda chama kikuu kamili: meneja, mhasibu, mtaalamu wa ubora, mtunza ghala, madereva, walinzi, gari, vikao vya bodi. Bajeti milioni 180 kwa mwaka. Kwa makato ya shilingi 100 kwa kilo, chama hicho kinahitaji tani 1,800, yaani vyama 60 vya tani 30. Na mkahawa una tabia yake: ukizaa sana mwaka huu, mwaka ujao unapumzika. Mzigo ukishuka hadi tani 1,100, makato yanaingiza milioni 110 na mishahara haijashuka hata senti. Pengo ni milioni 70. Mwaka wa kwanza linazibwa kwa mkopo, mwaka wa pili kwa fedha za malipo ya pili ya wakulima, na ikifika hapo mkulima anauza kahawa usiku kwa mnunuzi wa kando. Tani zinapungua tena. Wanaomlaumu mkulima kwa kutoroka waanze kwanza na hiyo milioni 70.

Muungano mwepesi una hesabu nyingine. Mratibu mmoja, mhasibu mmoja, chumba cha kupanga, nauli: tuseme milioni 40. Vyama 32 vyenye tani 30 kila kimoja vina tani 960, na gharama ni shilingi 42 kwa kilo. Mzigo ukishuka kwa theluthi, inapanda hadi 63. Inauma, haiui.

Idadi ya 32 sikuiokota hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya vyama vya msingi vya Kilimanjaro viliacha kuuza kupitia chama kikuu cha KNCU vikaunda kundi lililojulikana kama G32, kwa idadi ya vyama vilivyoanza. Kila chama kilibaki na kahawa yake, vitabu vyake na uamuzi wake; kwa pamoja walishughulikia ukoboaji, mikopo na uuzaji mnadani. Kwa KNCU lilikuwa pigo. Chama hicho kiliandikishwa mwaka 1933 kikiwa na vyama vya msingi 11, kikirithi kazi ya chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1925, na ni miongoni mwa vyama vikuu vikongwe zaidi barani Afrika.

Uchungu huo haukuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1930 utawala wa kikoloni uliwalazimisha wakulima kuuza kupitia KNCU pekee, bei ikaanguka, na mwaka 1937 kukazuka ghasia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu nchi nzima, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mara zote mbili ukubwa na mipaka ya muungano vilipangwa kutoka juu, na hakuna aliyewauliza wenye kilo kama ziliutosha. Ethiopia mwaka 1999 walipita njia nyingine: chama kikuu cha kahawa cha Oromia kilianza na vyama vya msingi 34 vyenye kaya zaidi ya 22,000, kikaongeza wanachama kadiri mauzo yalivyokua, hadi kupita vyama 400. Kaya 22,000 kwa ofisi moja ni mwanzo mzuri. Kwa kipimo chetu cha kilo 200 ni tani 4,400.

Kuna anayependekeza tuache makato ya kilo, tufuate Waitaliano. Sheria yao ya mwaka 1992 inavitaka vyama vya ushirika kutoa 3% ya faida ya mwaka kwenye mifuko ya pamoja ya kuendeleza ushirika, kama Coopfond ya shirikisho la Legacoop. Ni mpango mzuri kwa mtaji wa kuanzisha vyama vipya. Kwa mishahara ya ofisi haufai: mwaka usio na faida mfuko hauingizi kitu, na mlinzi wa ghala bado anadai.

Kuhusu fedha za pamoja, Kenya imetupa mifano miwili isiyofanana hata kidogo. Benki ya Ushirika ya Kenya iliandikishwa mwaka 1965, ikafungua milango mwaka 1968. Leo 64.56% ya hisa zake zinashikiliwa na vyama vya ushirika kupitia chama chao cha kushika hisa. Gawio la mwaka 2024 lilikuwa shilingi 1.50 za Kenya kwa hisa, jumla bilioni 8.8, fungu la vyama ni karibu bilioni 5.7. Kwa upande wa pili kuna KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo (SACCO), uliokuwa ukipokea amana za vyama wanachama. Ukaguzi maalumu wa PwC uliotangazwa mwaka 2025 ulikuta upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13. Benki ina msimamizi wa kibenki na wanahisa wa soko la Nairobi wanaosoma hesabu zake kila robo mwaka. Muungano ule ulishika fedha kama benki bila kuchungwa kama benki. SACCO ya mwalimu wa kijijini, iliyochunga kila shilingi nyumbani, ilipoteza kule juu.

Tanzania ilizindua Benki ya Ushirika mjini Dodoma Aprili 2025, kwa hiyo somo hilo si la majirani tu.

Kwa vyama vinavyotaka kuanza msimu ujao, ningeweka fedha ya kwanza kwa mhasibu. Tuseme analipwa 600,000 kwa mwezi, milioni 7.2 kwa mwaka. Chama cha tani 30 kikimwajiri peke yake, ni shilingi 240 kwa kilo, na hakuna mkutano mkuu utakaopitisha. Vyama sita vikimwajiri pamoja, ni shilingi 40, na wiki ina siku sita za kazi: Jumatatu chama cha kwanza, Jumamosi cha sita. Baada ya misimu miwili vyama hivyo sita vitakuwa na vitabu vinavyofanana, vinavyoweza kuwekwa mezani kwa benki siku moja. Pia vitajua, kwa kilo na si kwa kukisia, kama vinahitaji kuajiri mtu wa pili.