ASKARI, MGAMBO NA MTENDAJI: NGAZI ZA VYOMBO VYA UTEKELEZAJI WA SHERIA MKOANI MOROGORO

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku neno askari hutumika kwa upana mkubwa. Huweza kumtaja polisi, mgambo wa kijiji, mlinzi wa msitu au hata mtu anayesimamia usafi wa soko kwa niaba ya manispaa. Wote hao huonekana kuwa mkono wa kitu kimoja, yaani serikali. Kisheria, hata hivyo, kila mmoja wao hupata mamlaka yake kutoka chimbuko tofauti, na mamlaka hayo yana mipaka yake. Makala haya yanafafanua ngazi za vyombo hivyo mkoani Morogoro, hususan katika Milima ya Uluguru. Hoja yake kuu ni kwamba tofauti baina ya vyombo hivi si ya majina tu: ndiyo inayoamua ni nani anayeweza kumnyima mtu uhuru wake, kwa muda gani, na ampeleke wapi.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Mpangilio wa ngazi si jambo jipya Uluguru. Wakati wa utawala wa Wajerumani, amri zilishuka kutoka bomani Morogoro kupitia kwa akida na jumbe, vyeo vilivyotokana na desturi za pwani. Waingereza, kwa upande wao, waliwatumia viongozi wa jadi katika kukusanya kodi na kusimamia kanuni za mahali.

Hatari ya mfumo huo ilidhihirika katika Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru, ambao uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1955 upinzani ulifikia kilele huko Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na baadaye ulazima wa matuta ukaachwa. Kanuni ilikuwa imesimamiwa kwa jina la utawala wa wenyeji, lakini ilipokataliwa, nguvu iliyokuja kuitetea ilikuwa ya serikali kuu. Kwa mkulima, ngazi hizo mbili zilikuwa kitu kimoja.

Baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Serikali za mitaa nazo zilivunjwa mwaka 1972, kisha zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Mfumo uliopo sasa umejengwa juu ya mabadiliko hayo.

3.0 Ngazi za Vyombo

3.1 Ngazi ya Taifa

Jeshi la Polisi ni moja kwa nchi nzima. Mkoa hauna polisi wake, wala halmashauri haina. Kamanda wa Polisi wa Mkoa huwajibika kwa Inspekta Jenerali, na chini yake wamo wakuu wa polisi wa wilaya na wakuu wa vituo. Sambamba na polisi zipo taasisi nyingine za kitaifa zenye majukumu mahsusi: TAKUKURU hushughulikia rushwa, TANAPA husimamia hifadhi za taifa, ikiwamo Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, na Wakala wa Huduma za Misitu husimamia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa rasmi mwaka 2008.

3.2 Ngazi ya Mkoa na Wilaya

Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya si polisi, lakini wana dhamana ya usalama katika maeneo yao. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawaruhusu kuamuru mtu akamatwe iwapo amani iko hatarini au kosa limetendwa. Hata hivyo, sharti liko wazi: mtu huyo asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 48, lazima aachiwe.

3.3 Ngazi ya Halmashauri, Kata na Kijiji

Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1977 inazipa serikali za mitaa jukumu la kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Halmashauri hutunga sheria ndogo, na watendaji wa kata na vijiji huzisimamia. Hapa ndipo mgambo anapoingia. Neno lenyewe lina historia yake: kama methali isemavyo kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, mgambo ulikuwa mwito wa kuwakusanya watu. Leo neno hilo humtaja yule anayeitikia mwito. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa mgambo mamlaka ya kukamata, na marekebisho ya mwaka 1989 yakavitambua vikundi vya ulinzi vya jadi, maarufu kama sungusungu, vilivyoanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

4.0 Mipaka ya Mamlaka

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi ngazi hizi zinavyokutana. Mkulima wa mboga huko Mgeta akifyeka kichaka kandokando ya mto, huenda akawa amegusa sheria kadhaa kwa jembe moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu inahusika na maji yanayoelekea Mto Ruvu, tegemeo la jiji la Dar es Salaam. Kama eneo limo ndani ya hifadhi, maofisa wa misitu wana mamlaka. Kama ni msitu wa kijiji, wenye dhamana ni kijiji chenyewe kupitia sheria ndogo zake.

Katika hali kama hiyo, mkulima anahitaji kujua anayemkabili ametumwa na ofisi gani na kwa sheria ipi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inatoa kipimo muhimu: raia asiye polisi aliyemkamata mtu hana budi kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kukamata, kwa hiyo, si kuhukumu, na faini isiyo na stakabadhi si adhabu ya kisheria. Katika vijiji vya milimani, ambako kituo cha polisi kiko mbali na barabara huharibika wakati wa masika, muda kati ya kukamatwa na kukabidhiwa ndio wenye hatari kubwa zaidi. Katika muda huo mtuhumiwa huwa mikononi mwa majirani zake, na ugomvi wa shamba au wa ukoo huweza kuvaa sura ya sheria.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vyombo vya utekelezaji wa sheria mkoani Morogoro vina vyanzo vitatu vya mamlaka: amri ya taifa, dhamana ya kiutawala ya mkoa na wilaya, na sheria ndogo za serikali za mitaa. Vyote hukutana kijijini, mbele ya mtu mmoja. Lugha inapowaita wote askari, huficha mipaka ambayo sheria imeiweka kwa makusudi. Kwa sababu hiyo, elimu ya uraia haina budi kuanza na msamiati: mwananchi anayeweza kutofautisha polisi, mgambo na mtendaji anaweza pia kuuliza swali la msingi, yaani kila mmoja wao anaishia wapi.